Ridhaa ya Pili

Kuna swali ambalo tumelipa kazi ya mlinzi wa geti. Halina sare wala kirungu, lakini kijana yeyote anayependa kitu kisichokuwamo kwenye mtaala wala kwenye tangazo la kazi lazima asimame mbele yake ajieleze: "Hiyo inakulipa nini?"

Shangazi huliuliza kwa upole huku akikupakulia wali. Mwenzako wa hosteli huliuliza huku akicheka. Mhadhiri huliuliza akiwa ameinua miwani. Wale wa semina za fursa hawaliulizi tena. Wao wameligeuza kuwa sala. Wote wanakubaliana kwamba kisicholipa ni upuuzi, na kwamba mtu mwenye akili timamu hanunulii upuuzi umeme.

Mimi huulizwa kwa sababu hii. Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, upande wa isimu. Wakati naandika tasnifu yangu kuhusu istilahi, kompyuta yangu huwa na kazi nyingine ya chinichini isiyohusiana kabisa na tasnifu. Wiki hii inapima kama namba fulani yenye mamilioni ya tarakimu ni namba tasa. Wiki iliyopita ilikuwa inapekua data za darubini za redio ikitafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota zilizokufa ambayo huzunguka kwa kasi na kumulika kama taa ya mnara wa bandarini. Hakuna aliyeniajiri. Nimejitolea, kama walivyojitolea mamilioni ya watu wengine tangu miaka ya 1990. Ukiongeza kwamba Jumamosi huamka alfajiri kwenda kuhesabu ndege, na kwamba chini ya kitanda changu kuna redio 3 za zamani zilizofunguliwa matumbo, utaelewa kwa nini baadhi ya watu wanaonipenda wananihofia.

Makala hii ni jibu langu, nimeliandika ili siku nyingine nikiulizwa nimpe mtu asome nami niendelee na chai yangu. Jibu lenyewe ni hili: nchi inayowafundisha vijana wake kuuliza "inakulipa nini?" kabla ya kuuliza "hii ni nini?" itaendelea kuwa mahali ambapo sayansi huja kuchota data, si mahali ambapo sayansi huanzia.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanakidharau kabla ya kukijua. Kompyuta nyingi, hata zikiwa zimewashwa, hazifanyi kazi yoyote nzito. Ukiwa unaandika barua au unasoma gazeti, prosesa hukaa kama fundi aliyefika saa moja asubuhi akaambiwa asubiri mchanga. Ukokotoaji wa kujitolea hutumia muda huo wa kusubiri. Watafiti wenye hesabu ndefu kuliko uwezo wa mashine zao huikata hesabu hiyo vipande vidogo vidogo, kisha seva yao huvigawa vipande kwa kompyuta za watu waliokubali. Kompyuta yako hupokea kipande, hukipigia hesabu wewe ukiendelea na yako, hurudisha jibu, hupewa kingine.

Utauliza jibu la mtu asiyejulikana linaaminiwaje. Miradi mingi hutuma kipande kilekile kwa kompyuta 2 za watu wasiofahamiana. Majibu yakilingana hupokewa. Yakitofautiana, kipande hupelekwa kwa mtu wa tatu. Mimi naupenda utaratibu huu kuliko hata namba zenyewe. Ni uaminifu uliojengwa bila kumwuliza mtu ametoka wapi, amesoma shule gani, ni mtoto wa nani. Nitajie ofisi ngapi za kwetu zinazofanya kazi hivyo.

Na tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kwetu. Tunalo neno lake: msaragambo. Kijiji kikiamua kuchimba mfereji, kila kaya hutoa mtu na jembe. Hakuna anayechimba mfereji wote, hakuna anayelipwa, na maji yakifika hayaulizi nani alichimba hatua ngapi. Tofauti ni moja tu. Kwenye msaragambo asiyefika hutozwa faini. Huku asiyefika hakuna anayejua kwamba hakufika. Nadhani ndiyo maana hatujawahi kuona kwamba hatupo.

Msaragambo huu una historia. Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa. Tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilizindua SETI@home, uliopekua mawimbi ya redio kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Watu zaidi ya milioni 5 walijiunga. Mwaka 2000 ukaja Folding@home kutoka Stanford, unaochunguza jinsi protini zinavyojikunja. Ilipofika Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona, kompyuta za watu wa kawaida zilizojiunga na Folding@home zilikuwa na nguvu ya kukokotoa kuliko kompyuta kuu 500 bora za dunia zikijumlishwa pamoja. Zilikuwa kompyuta za sebuleni, nyingine za kuchezea gemu.

Hapa naomba nirudi kwenye taaluma yangu kidogo, maana hoja yangu yote imekaa ndani ya neno moja.

Mtu anayefanya jambo bila ujira, kwa mapenzi tu, sisi tunamwitaje? Wapenzi wa michezo wanajua. Kuna ndondi za kulipwa na kuna ndondi za ridhaa. Kuna soka la kulipwa na soka la ridhaa. Ridhaa ni kukubali, ni kuridhia, ni kuwa radhi. Bondia wa ridhaa hakuitwa bondia mdogo, wala bondia wa kujifunza, wala bondia aliyekosa kazi. Ameitwa mtu aliyeingia ulingoni kwa hiari ya moyo wake. Na yeyote aliyewahi kupigwa na bondia wa ridhaa atakwambia kwamba ngumi yake haiumi kidogo kuliko ya kulipwa.

Basi mimi ni mwanasayansi wa ridhaa. Sina maabara, sina ruzuku, na kwenye fizikia niliishia kidato cha nne. Lakini nimeridhia.

Watu wa ridhaa wamefanya nini? Mchukue Jonathan Pace wa Germantown, jimbo la Tennessee, Marekani. Ni mhandisi wa umeme na shemasi wa kanisa. Kwa miaka 14 aliwinda namba tasa kupitia GIMPS, na programu ile aliiweka hata kwenye kompyuta za kanisa. Namba anazowinda zinaitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Kifaransa wa karne ya 17. Huzipata kwa kuizidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa kisha kutoa 1: mbili tano zikizidishana ni 32, toa 1 inabaki 31, nayo ni tasa. Tarehe 26 Desemba 2017 mwindaji huyu alipata yenye tarakimu 23,249,425. Zawadi yake ilikuwa dola 3,000. Wanaouliza inalipa nini wagawe wenyewe kwa miaka 14: ni kama dola 214 kwa mwaka, umeme haujatolewa. Shemasi alikuwa anawinda kitu kingine.

Au tazama Einstein@Home, ulioanza 2005. Mwaka 2010 ulitangaza pulsa yake ya kwanza kutoka kwenye data za darubini ya Arecibo, Puerto Rico. Nyota hiyo iko umbali wa takriban miaka ya mwanga 17,000 na huzunguka mara 41 kwa sekunde. Vipande vilivyoifichua vilikokotolewa kwenye kompyuta za wanandoa wa mji wa Ames, Iowa, na za mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani. Hawakuwa wanajimu wala maprofesa wa anga. Walikuwa na kompyuta, nao waliridhia, na majina yao yakaandikwa kwenye ugunduzi.

Sitaki kukuuzia hadithi za ushindi peke yake, maana huo ndio mtindo wa semina za fursa. SETI@home ilifanya kazi karibu miaka 21 na haikumpata kiumbe yeyote. Tarehe 31 Machi 2020 iliacha kugawa vipande. Desemba mwaka huohuo darubini ya Arecibo, iliyokuwa ikiipa data, iliporomoka. Milioni 5 za watu, na ukimya. Je, walipata hasara? Walichokifanya ni kusikiliza sehemu ya mbingu kwa makini kuliko binadamu yeyote wa kabla yao, na kuandika kwa uaminifu walichosikia. Na njia waliyoifungua ikatumiwa na wengine: BOINC, programu iliyozaliwa na watu walewale wa Berkeley, ndiyo inayobeba miradi mingi ya aina hii hadi leo. Mtu asiyeweza kuvumilia jibu la "hakuna" hafai kwa sayansi, na swali la "inakulipa nini?" haliwezi kuvumilia hata kidogo.

Nikimaliza kusema haya huletewa methali. Mshika mbili moja humponyoka. Njia mbili zilimshinda fisi. Mtu wa Kiswahili na namba tasa wapi na wapi?

Methali hizi nazisoma darasani, kwa hiyo naziheshimu, lakini naona tunazitumia kama pingu. Nikupe mfano wa mikononi mwangu. Nilikuwa nimeikodolea macho skrini, kompyuta inapima namba, ndipo nikajiuliza kwa nini Kiswahili kimeiita namba hiyo tasa. Tasa ni asiyezaa. Lugha nyingine ziliiona kama namba ya kwanza, ya asili. Sisi tuliiona kama mtu asiye na mtoto, kwa kuwa haigawanyiki kwa namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe. Hilo limekuwa sura nzima ya tasnifu yangu: jinsi istilahi zetu za hisabati zinavyoazima mambo ya mwili, ya ukoo na ya nyumba. Hakuna semina iliyonipa sura ile. Nimepewa na kitu nilichoambiwa nikiache.

Na tazama kejeli iliyomo. Kila namba nzima inayozidi 1, kama yenyewe si tasa, hupatikana kwa kuzidisha namba tasa. Sita ni mbili mara tatu. Mia ni mbili mara mbili mara tano mara tano. Yale tuliyoyaita matasa ndiyo wazazi wa namba zote. Tumeita tasa kitu kinachozaa kila kitu, na nahofia kwamba hatukuishia kwenye namba.

Ningeweza kuongeza kwamba namba tasa zimekuja kulipa. Mwaka 1940 mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy alijivunia kwa maandishi kwamba hakuna aliyewahi kuipatia nadharia ya namba matumizi ya kivita. Mwaka 1977 wanasayansi watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wakaitumia kutengeneza njia ya kufunga siri, na leo njia za jamii hiyo hulinda barua na fedha zinazopita kwenye intaneti. Ningeweza kuishia hapo, ukanipongeza. Lakini kujitetea hivyo ni kukubali kwamba mlinzi wa geti ana haki ya kuuliza, ni vile tu nimebahatika kuwa na kitambulisho. Sitaki. Kwa karne nyingi watu walizipenda namba hizo bila kitambulisho chochote, na wasingezipenda, wale watatu wasingekuta kitu cha kutumia.

Sasa tuje kwenye mapingamizi yenye uzito, maana yapo.

La kwanza ni umeme. Nani hapa ana umeme wa kuchezea? Hesabu yangu ni hii. Kompyuta mpakato ya kawaida ikifanya kazi kwa bidii hula kama wati 40. Ukiiacha saa 10, umetumia sehemu 4 kati ya 10 za uniti moja. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo haijafika shilingi 400 kwa uniti, hiyo ni chini ya shilingi 160 kwa siku, na mwezi mzima haufiki shilingi 5,000. Si fedha ya kutupa. Kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, hiyo ni milo kadhaa ya mgahawani. Kompyuta ya mezani ya zamani hula zaidi, tena inapasha chumba joto, na chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili hakihitaji msaada wa kupata joto. Ndiyo maana simwambii mtu yeyote achague kati ya LUKU na ugali. Mimi mwenyewe siku za joto huizima. Siku umeme unapokatika hupoteza kidogo sana, maana programu huhifadhi hatua iliyofikia na kuendelea kutoka hapo. Kuna hata toleo la BOINC la simu za Android, ambalo likiachwa lilivyo hufanya kazi pale tu simu inapokuwa kwenye chaji, betri imezidi asilimia 90, na kuna Wi-Fi. Halili bando lako.

Kwa hiyo umeme ni hoja ya kweli kwa mtu mmojammoja. Haiwezi kuwa hoja ya taasisi yenye maabara ambayo taa na kompyuta zake huwaka toka asubuhi hadi jioni, watu wawe wamekaa au hawamo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu, hasa wenzangu wanaosoma historia. Wanasema: vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vina fedha. Kwa nini mtoto wa Mbagala awape umeme wake bure? Huu ni unyonyaji uleule, umebadilisha nguo tu.

Nitawajibu kwa malaria.

Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara Ifakara, tawi la taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Basel. Maabara hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa miongo kadhaa vijiji vya bonde la Kilombero vilihesabiwa mbu na kupimwa damu. Takwimu za Namawala na Idete, vijiji vya jirani na Ifakara, zikaungana na za Nigeria, Ghana na kwingineko katika kutengeneza modeli za kompyuta zinazoiga jinsi malaria inavyosambaa katika jamii, na kukadiria chanjo ingebadilisha nini. Hesabu zake zilikuwa nzito. Mwaka 2006 CERN, maabara kubwa ya fizikia iliyoko Geneva, pamoja na washirika wake walizindua Africa@home, na kazi yake ya kwanza ilikuwa MalariaControl.net, ambao uligawa hesabu hizo kwa watu wa kujitolea hadi ulipofungwa mwaka 2016.

Tazama mgawanyo wa kazi. Homa ilikuwa ya Namawala. Mbu walikuwa wa Namawala. Damu ilitoka kwenye vidole vya watoto wa Kilombero. Hesabu zikapigwa, kwa sehemu kubwa, kwenye kompyuta za watu wa Ulaya na Marekani, maana hao ndio waliojaa kwenye ukokotoaji huu tangu mwanzo. Simlaumu hata kidogo mtu wa Hamburg aliyeiacha mashine yake usiku kucha kwa ajili ya mtoto asiyemjua wa kijiji asichoweza kukitamka. Mungu ambariki. Ninalouliza ni sisi tulikuwa wapi. Ilikuwa hesabu ya homa yetu.

Hapo ndipo neno langu linaporudi na uso wake mwingine. Kabla mtafiti hajamchukua mtoto damu, mzazi hupewa karatasi asaini. Asiyejua kuandika huweka dole gumba. Karatasi hiyo inaitwaje? Fomu ya ridhaa. Kati ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio. Kila mtoto pale aliingia kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike. Wazazi wale walitoa walichokuwa nacho, na dunia inawadai shukrani.

Lakini hiyo ni ridhaa ya kwanza: kuridhia kuchunguzwa. Kiswahili, kwa hekima ambayo sidhani kama mtu aliipanga, kinalitumia neno hilohilo kwa jambo la pili: kuridhia kuingia ulingoni mwenyewe. Ridhaa ya kwanza tumefundishwa vizuri sana. Ipo kwenye fomu, ina sahihi, ina shahidi. Ridhaa ya pili hatuna fomu yake, na kijana akiitoa kwa hiari yake anaulizwa inamlipa nini. Hakuna aliyemwuliza mama wa Bagamoyo damu ya mwanawe inamlipa nini. Aliambiwa ni kwa manufaa ya wote, akaelewa, akasaini. Mama aliweza kuielewa sayansi ya bure. Sisi wenye vyeti ndio imetushinda.

Kwa hiyo kwa wenzangu wa historia nasema: mmeuona unyonyaji, lakini mmeuona mahali pasipo penyewe. Unyonyaji haukai kwenye kutoa hesabu. Unakaa kwenye kutoa damu peke yake.

Nakubaliana nao kwa jambo moja kubwa. Kutoa nguvu za kompyuta si mwisho wa safari. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kilianza kupitia World Community Grid mradi wa kuiga mvua za Afrika kusini mwa Sahara, kwa ramani ya kina cha kilomita 1. Ni kazi njema, nayo ni mvua yetu. Lakini swali lilitungwa Delft. Mtu anayechimba mfereji kila mwaka bila kuulizwa mfereji uelekee wapi hana tofauti kubwa na kibarua. Tofauti ni kwamba kibarua analipwa.

Ila jiulize huyo atakayetunga swali atatoka wapi. Atatoka miongoni mwa watu waliowahi kuona kazi hiyo kwa ndani, waliowahi kusubiri jibu, waliojua kipande ni nini na seva ni nini. BOINC haina siri, msimbo wake uko wazi, na chuo chochote kinaweza kuutumia kuanzisha mradi wake. Mimi mtu wa isimu nina swali tayari. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Kuchora mti wa ukoo wa lugha za Kibantu kwa njia za kisasa za takwimu ni hesabu ndefu ya kuchosha mashine, inayokatika vizuri vipande vipande. Nisingejua kwamba swali kama hilo linaweza kugawanywa kwa kompyuta 1,000 za wanafunzi kama ningekuwa nimeshika moja tu, ile ya kwenye mtaala.

Nimejaribu. Katika chuo kimoja ninachokifahamu kuna maabara ya kompyuta 40. Mchana kutwa zimewaka, na nyingi zinaonyesha nembo ya chuo ikielea kwenye skrini, inagonga ukingo, inarudi. Niliandika barua ya kurasa 2 kuomba klabu ya wanafunzi iruhusiwe kuweka programu kwenye 10 kati ya hizo, kwa saa ambazo zimewashwa tayari. Niliambatisha maelezo ya usalama na hesabu ya umeme. Majibu yalikuja baada ya wiki 7, kwa mdomo, kwenye korido: "Zikiharibika nani atalipa? Na nyinyi mtapata nini?" Aliyenijibu si mtu mbaya. Amefundishwa kwamba kazi yake ni kulinda kompyuta, si kuzitumia, na kwamba kompyuta iliyo salama kabisa ni ile isiyofanya kitu. Ukitaka kujua hali ya sayansi ya nchi, usiangalie bajeti peke yake. Angalia nembo inayoelea.

Pingamizi la tatu ni la vijana wa teknolojia: mambo hayo yamepitwa na wakati, siku hizi watu hukodi mashine za nguvu kwenye vituo vya data. Ni kweli kwa nusu. Oktoba 2024 Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Nvidia, aligundua namba tasa yenye tarakimu 41,024,320 kwa kutumia mashine za kukodi zilizotapakaa katika nchi 17. Kompyuta yangu haiwezi kushindana naye. Lakini Durant naye alikuwa nani kwenye uwindaji ule? Hakuna aliyemwajiri atafute namba. Ni mtu wa ridhaa mwenye mfuko mnene. Mashine zinabadilika, kinachoanzisha kazi ni kilekile, nacho ndicho sisi tunakifungia geti.

Ninachodai si kikubwa. Vyuo viruhusu klabu za wanafunzi kutumia kompyuta zilizowashwa tayari, kwa kanuni zilizoandikwa na kwa usimamizi wa mtu anayejulikana. Shule za sekondari zenye vyumba vya kompyuta zijiunge na mradi mmoja tu, ili mtoto wa kidato cha pili aone jina la shule yake kwenye orodha moja na shule ya Japani. Taasisi za utafiti zinazokuja vijijini na fomu za ridhaa ziwaambie wanavijiji na vijana wao hesabu za damu ile zinafanyika wapi, na zifungue mlango kwa anayetaka kushiriki. Na wahadhiri, mwanafunzi wa Kiswahili akija na namba tasa, wa sheria akija na orodha ya ndege, wa uhasibu akija na nyota, wavute kiti wamwulize swali la pili: umeona nini?

Tena wewe unayesoma hapa, ambaye una redio yako iliyofunguliwa chini ya kitanda, au kitabu cha mimea, au jedwali la mwezi ulilolichora mwenyewe, na umekuwa ukivificha wageni wakija: acha kuvificha. Hudaiwi maelezo. Wazee wetu waliita jambo hilo ridhaa, na aliyeridhia haombi ruhusa ya kupenda.

Namba ninayoipima wiki hii itamalizika Alhamisi, umeme ukiwepo. Yaelekea jibu litakuwa hapana, si tasa. Karibu zote huwa hapana. Nitaliandika, nitachukua nyingine.